Askari Wale Wale, Amri Mbili

Asubuhi ya tarehe 4 Septemba, mwaka wa 1957, msichana mmoja wa miaka 15, jina lake Elizabeth Eckford, alishuka katika basi karibu na shule kubwa ya mji wa Little Rock, katika jimbo la Arkansas, nchi ya Marekani. Alikuwa amevaa gauni jipya lililoshonwa kwa ajili ya siku ile. Wenzake wanane, watoto weusi kama yeye, walikuwa wamepatana kukutana kwanza mahali pamoja. Lakini nyumbani kwa kina Elizabeth hapakuwa na simu, na habari ile haikumfikia. Kwa hiyo alikwenda peke yake. Alipofika alikuta askari wamejipanga mbele ya shule na bunduki mikononi, akadhani kwamba wamewekwa pale wamlinde. Aliwaona wakiwapisha watoto wa Kizungu, naye akafuata njia ile ile. Ilipofika zamu yake waliinua bunduki zenye singe wakaziba njia. Nyuma yake lilikuwapo kundi la watu wazima wakimzomea na kumtukana. Akarudi polepole mpaka kituo cha basi, akaketi kwenye benchi, hali umati umemzunguka, hata basi lilipokuja.

Kabla ya mwaka ule kwisha, askari wa jeshi lile lile la Arkansas ndio waliokuwa wakiwalinda watoto wale wale ndani ya shule ile ile. Sare zao hazikubadilika, wala bunduki zao. Aliyebadilika ni mwenye kutoa amri. Mwanzo wa Septemba walikuwa chini ya Gavana wa jimbo. Tangu tarehe 24 ya mwezi ule walikuwa chini ya Rais wa nchi. Na jambo la ajabu kwa mtu asiyeijua Marekani ni kwamba kila mmoja wa mabwana hao wawili alikuwa na kifungu cha sheria cha kuonyesha, na kila mmoja alidai kuwa analinda amani.

Katika nchi nyingi mtu ana serikali moja tu juu ya kichwa chake, na zilizobaki ni matawi yake. Mmarekani anazo mbili. Zote mbili zaweza kumtoza kodi, kumtungia sheria na kumtia gerezani. Mambo yaliyo karibu naye kila siku, kama shule, polisi wa mji, hati za shamba, ndoa na makosa mengi ya jinai, kwa desturi ni ya jimbo. Jeshi la nchi, fedha, posta, mapatano na mataifa mengine, na biashara ipitayo mipaka ya majimbo, ni ya Serikali Kuu. Wahenga walinena kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Wamarekani waliwatia mafahali wawili zizini kwa makusudi kabisa, wakitumaini kwamba kila mmoja atamzuia mwenzake asiwakanyage watu.

Sababu ya kufanya hivyo ni kwamba walikuwa wamejaribu njia nyingine, nayo ikawashinda. Majimbo yale 13 yaliyojitenga na Uingereza hayakutaka kumwondoa mfalme mmoja ili kumsimika mwingine. Mapatano yao ya kwanza, yaliyoanza kutumika mwaka wa 1781, yalilinyima baraza la pamoja uwezo wa kutoza kodi. Baraza liliweza kuomba tu, na majimbo yalitoa kadiri yalivyopenda. Madeni ya vita hayakulipwa, na askari waliopigana walirudi makwao na karatasi badala ya mshahara. Mwaka wa 1786 wakulima wa magharibi ya Massachusetts, ambao mashamba yao yalikuwa yakinadiwa kwa sababu ya madeni na kodi, walishika silaha wakiongozwa na Daniel Shays, aliyekuwa kapteni katika vita vya uhuru. Serikali ya pamoja haikuwa na fedha ya kupeleka jeshi. Jimbo lenyewe liliandika askari, na mishahara yao ililipwa na matajiri wa Boston kwa mkopo. Watu wenye mali waliogopa sana. Mwaka uliofuata wajumbe 55 walikutana Philadelphia, wakaandika katiba mpya ambayo ilimpa fahali wa pili pembe.

Katiba hiyo yasema kwamba sheria za Serikali Kuu zilizotungwa kwa kuifuata katiba ndizo sheria kuu za nchi. Nayo nyongeza ya kumi, iliyokubaliwa mwaka wa 1791, yasema kwamba uwezo ambao Serikali Kuu haikupewa, na ambao majimbo hayakukatazwa, ni wa majimbo au wa watu wenyewe. Kati ya maneno haya na yale pana uwanja mpana usio na alama za mpaka, na katika uwanja huo ndimo Wamarekani walimogombana kwa zaidi ya miaka 200.

Ugomvi mwingine ulimalizwa kwa kalamu. Mwaka wa 1819 jimbo la Maryland lilitaka kuitoza kodi benki ya Serikali Kuu, na Mahakama ya Juu ikakataa, kwa hoja kwamba mwenye uwezo wa kukitoza kodi kitu ana uwezo wa kukiua. Mwingine ulikaribia damu. Mwaka wa 1832 South Carolina ilitangaza kwamba ushuru wa forodha uliowekwa na Serikali Kuu ni batili ndani ya mipaka yake. Rais Andrew Jackson akajibu kwamba hakuna jimbo lenye haki hiyo, akaomba ruhusa ya kutumia jeshi. Ushuru ulipunguzwa mwaka uliofuata, na pande zote mbili zikarudi nyuma, kila mmoja akisema ameshinda.

Tangu siku zile watu wengi wamezoea kuamini kwamba anayepaza sauti juu ya haki za majimbo ni mtu wa South Carolina na wenzake wa kusini waliofuga watumwa, na kwamba Serikali Kuu ndiyo rafiki wa mnyonge. Habari ya jimbo la Wisconsin, huko kaskazini, yaonyesha kwamba mambo si mepesi hivyo.

Mwaka wa 1850 Bunge la Marekani lilitunga sheria kali ya kuwakamata watumwa watoro na kuwarudisha kwa mabwana zao, hata kama wamekimbilia majimbo yasiyo na utumwa. Mtoro hakuruhusiwa kutoa ushahidi wake mwenyewe. Mwezi wa Machi, 1854, mtu mmoja aitwaye Joshua Glover, aliyekuwa ametoroka Missouri na kufanya kazi karibu na mji wa Racine, alishikwa na kupigwa, akatiwa katika gereza la Milwaukee. Watu wakakusanyika, wakavunja mlango wa gereza, wakamtoa, na hatimaye akafika Kanada. Mwenye gazeti mmoja, Sherman Booth, alishtakiwa na Serikali Kuu kwa kuwachochea. Mahakama kuu ya Wisconsin ikamfungua, ikatamka kwamba sheria ile ya watoro haifuati katiba. Kwa maneno mengine, jimbo liliiambia Serikali Kuu: sheria yako haipiti hapa. Ni hoja ya South Carolina ile ile, safari hii mikononi mwa watu waliotaka kumwokoa mtumwa. Mwaka wa 1859 Mahakama ya Juu ya nchi, kwa sauti moja, ilitengua hukumu hiyo. Jaji Mkuu Taney aliandika kwamba mahakama ya jimbo haina uwezo wa kumtoa mtu aliyefungwa kwa amri ya mahakama ya Serikali Kuu. Booth akarudishwa kifungoni.

Halafu msomaji atazame lililofuata. Mwezi wa Desemba, 1860, South Carolina ilipojitoa katika muungano iliandika tamko la kueleza sababu zake. Miongoni mwa malalamiko yake makubwa ni kwamba majimbo ya kaskazini, na Wisconsin ilitajwa kwa jina, yalikataa kuitii sheria ya Serikali Kuu juu ya watumwa watoro! Jimbo lililodai mwaka wa 1832 kwamba lina haki ya kuikataa sheria isiyolipendeza lilikuwa sasa likiwalaumu wengine kwa kufanya hivyo hivyo. Ni wazi kwamba katika pande hizo mbili wachache tu walijali hasa mizani ya serikali. Wengi walijali kilichowekwa juu ya mizani hiyo.

Vita vya 1861 hadi 1865 viliukomesha utumwa, na mwaka wa 1868 katiba iliongezwa kifungu kinachokataza jimbo lolote kumnyima mtu ulinzi sawa wa sheria. Hapo ndipo uzani ulipohama kwelikweli, ijapokuwa kwa maandishi tu. Kwa muda wa miaka 80 na zaidi majimbo ya kusini yalitunga sheria za kuwatenga watu weusi, na Serikali Kuu ikafumba macho; hata Mahakama ya Juu mwaka wa 1896 ilisema kutengwa si kosa. Ilibadili neno lake tarehe 17 Mei, 1954, ilipohukumu kwamba shule za serikali zinazowatenga watoto kwa rangi zinavunja katiba. Wakili aliyesimama mbele ya majaji katika shauri hilo alikuwa Thurgood Marshall, mjukuu wa mtu aliyezaliwa utumwani.

Hivyo ndivyo Elizabeth Eckford alivyofika mbele ya singe. Halmashauri ya shule za Little Rock ilikuwa imekubali kuanza kwa watoto wachache. Gavana, Bwana Orval Faubus, hakuwa amejulikana hapo mbeleni kuwa mtu mkali katika mambo ya rangi. Lakini uchaguzi ulikuwa mwaka uliofuata, na wapiga kura wengi wa Kizungu walikuwa na hasira. Alisema ameita askari wa jimbo ili kuzuia damu isimwagike. Labda aliogopa kweli. Hata hivyo, mtu anayetaka kuzuia fujo huwazuia wafanya fujo, siye msichana aliyebeba vitabu.

Rais Dwight Eisenhower naye hakuwa na hamu ya ugomvi huo. Mwezi wa Julai alikuwa amesema kwamba hawezi kufikiri jambo litakalomfanya apeleke majeshi kusimamia amri ya mahakama. Alikutana na Gavana tarehe 14 Septemba huko Newport, wakazungumza, akadhani wameelewana. Tarehe 20 jaji wa Serikali Kuu alimwamuru Gavana aache kuwazuia watoto. Gavana akawaondoa askari wake, akaondoka mjini, na mlango ukabaki mikononi mwa polisi wachache wa mji. Tarehe 23 watoto tisa waliingizwa kwa mlango wa kando. Watu wapatao elfu moja walikuwa nje. Kabla ya saa za masomo kwisha ilibidi polisi wawatoe kwa usalama wao. Meya wa mji alimpelekea Rais simu ya maandishi akiomba msaada. Kesho yake Rais alipeleka askari wa jeshi la nchi wapatao elfu moja, na kwa amri moja aliwachukua askari wote wa akiba wa Arkansas, karibu 10,000, wakawa chini yake. Uwezo huo alikuwa nao kwa sheria za zamani sana. Gavana aliamka akiwa gavana asiye na askari.

Tarehe 25 watoto waliingia kwa mlango wa mbele. Isidhaniwe kwamba huo ulikuwa mwisho. Mwaka mzima walipigwa mateke, walimwagiwa supu, walisukumwa kwenye ngazi, maana askari aweza kumlinda mtoto kwenye njia za shule, bali hawezi kuketi naye dawatini wala kumfuata kila chumba. Mmoja alifukuzwa kwa kujibu matusi. Wanane walivumilia hadi mwisho, na mmoja wao, Ernest Green, alipewa cheti chake mwezi wa Mei, 1958.

Halmashauri ya shule ikaomba mahakamani kwamba mpango usimamishwe kwa miaka miwili na nusu mpaka hasira zipoe. Thurgood Marshall alisimama tena kuwatetea watoto. Tarehe 12 Septemba, 1958, Mahakama ya Juu ilikataa ombi hilo, na hukumu ikatiwa sahihi na majaji wote tisa, kila mmoja kwa jina lake, jambo ambalo si desturi. Katika hukumu hiyo majaji walisema kwamba hakuna gavana wala bunge la jimbo awezaye kuipinga katiba aliyoapa kuilinda. Na kwa kuthibitisha neno lao walitaja hukumu gani? Walitaja ile ya mwaka wa 1859, ya Jaji Taney, iliyomrudisha Sherman Booth kifungoni kwa kumsaidia mtumwa mtoro. Sheria iliyofunga mlango mmoja ilifungua mwingine baada ya miaka 99. Mwenye kupenda kusema kwamba Serikali Kuu daima ni mwema, au kwamba jimbo daima ni mwema, na azisome hukumu hizo mbili pamoja.

Jimbo lilikuwa bado na silaha moja. Serikali Kuu yaweza kusema shule isibague. Haikuwa na uwezo wa kusema lazima shule iwepo. Gavana Faubus akazifunga shule za sekondari za Little Rock kwa mwaka mzima wa masomo wa 1958 na 1959, na wapiga kura wa mji wakamwunga mkono. Watoto zaidi ya 3,600, weusi kwa weupe, wakakosa shule. Wengine walipelekwa kwa jamaa katika miji ya mbali, na wengine hawakurudi tena darasani. Hapo wazazi wa Kizungu ambao walikuwa wamenyamaza walianza kuhesabu hasara. Kina mama walijipanga, wakaenda nyumba kwa nyumba. Mwezi wa Mei, 1959, wajumbe watatu wa halmashauri ya shule waliotaka kuwafukuza walimu na wafanyakazi 44 waliondolewa kwa kura, na mwezi wa Agosti shule zikafunguliwa. Kazi ambayo askari elfu moja hawakuimaliza, ilimalizwa na kura za mtaa. Hii pia ni haki ya majimbo, ingawa magavana wa siku zile hawakuitaja sana.

Tangu hapo bunduki zimetumika mara chache. Serikali Kuu imejifunza kuvuta kamba nyingine, nayo ni fedha. Eisenhower huyo huyo, mwaka wa 1956, alitia sahihi sheria ya kujenga maili 41,000 za barabara kuu, Serikali Kuu ikilipa 90 katika kila dola 100. Hakuna jimbo lililokataa. Mwaka wa 1984, katika utawala wa Rais Ronald Reagan, aliyekuwa ameahidi kuyarudishia majimbo uwezo wao, ilitungwa sheria ya kupunguza fedha za barabara kwa jimbo lolote litakalomruhusu mtu chini ya miaka 21 kununua pombe. Katiba haiipi Serikali Kuu ruhusa ya kuamuru umri wa kunywa bia. Lakini haimkatazi mtoa fedha kuweka sharti. South Dakota, iliyowaruhusu vijana wa miaka 19 kununua bia hafifu, ilikwenda mahakamani, ikashindwa mwaka wa 1987. Kufikia 1988 majimbo yote yalikuwa yamebadili sheria zao. Hakuna risasi iliyopigwa, wala hakuna gavana aliyenyang'anywa askari.

Kamba hiyo nayo ina mwisho wake. Mwaka wa 1997 Mahakama ya Juu ilisema kwamba Serikali Kuu haiwezi kuwatumia wakuu wa polisi wa majimbo kama makarani wake, kwa kuwalazimisha kuwachunguza wanunuzi wa bastola. Waliofurahi siku ile ni watu waliozipenda bunduki na kuichukia Washington. Miaka 20 baadaye, mwaka wa 2017, California ilitunga sheria ya kuwazuia polisi wake wasitumike kuwasaka wageni wasio na hati, na mawakili wake waliitegemea hukumu ile ile ya bastola. Sasa waliosema jimbo ni jimbo wakasema sheria ya nchi lazima itiiwe, na waliopiga makofi wakati wa Little Rock wakagundua kwamba jimbo nalo lina heshima yake.

Thurgood Marshall alifika Kenya mwezi wa Januari, 1960, kisha akawa London, katika mkutano wa Lancaster House, kama mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya. Miezi kumi na sita tu ilikuwa imepita tangu hukumu ya majaji tisa. Mtu angedhani kwamba wakili huyo, aliyeona gavana akiwafukuza watoto shuleni na rais akiwarudisha, angeandika mengi juu ya mgawanyo wa mamlaka kati ya serikali ya kati na mikoa. Mswada alioutayarisha ulihusu haki za mtu mmoja mmoja: mali yake, kazi yake, masomo yake, kura yake, na mahakama ya kumsikiliza. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 1963 ilikuwa na sura ya haki, ingawa maneno yake hayakuwa yale aliyoyaandika Marshall, na ilikuwa na majimbo saba yenye mabaraza yao. Uwezo wa majimbo uliondolewa mwishoni mwa 1964. Sura ya haki ilibaki katika kitabu.